Kabati la prefe: historia ya shule ya serikali pembeni ya Lubumbashi

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa zamani, Lubumbashi

Wababa na wamama, wazee mliosoma hapa zamani, ndugu walimu, na ninyi wanafunzi,

Shule ya serikali ya pembeni ya mji ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imekwisha kuandikwa. Haiko katika kitabu cha kuuzwa dukani. Iko kwenye rejista ya matrikule, yaani ya kuandikisha wanafunzi, kwenye palmaresi, yaani orodha ya matokeo inayosomwa mbele ya watu, kwenye madaftari ya pointi na kwenye kitabu cha ziara za inspekta. Vyote hivyo vimefungwa katika kabati la ofisi ya prefe, mkuu wa shule ya sekondari, ao vimerundikwa stoo pamoja na madawati yaliyovunjika. Tumekuja kuwaomba tuvisome pamoja mwaka huu, kabla mvua hazijaanza.

Mtu akiuliza habari za masomo ya zamani Lubumbashi, huonyeshwa kwanza shule za wamisionari: Imara, Salama na nyingine. Ni haki yao. Mji ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, na Wasalesiani wakafika Élisabethville 1911. Wabenedikto waliokuwa wakiongoza Saint-Boniface ndio walioanzisha timu ya Saint-Georges mwaka 1939, ile ambayo leo Afrika nzima inaiita TP Mazembe. Mapadri walikaa mahali pamoja miaka mingi, wakaandika, wakaweka karatasi zao ndani ya nyumba yenye mlango wa kufungwa. Shule ya serikali haikupata nafasi hiyo. Prefe anapata barua ya kuhamishwa, anakabidhi funguo, anaondoka. Anayemfuata anakuta makartoni ambayo hajui yana nini, na bati likivuja juu yake anayatupa. Ndiyo maana watoto wa komini za Katuba, Kenya na Ruashi, hapa mjini kwetu, wanajua historia ya shule za katikati ya mji kuliko ya shule wanayosomea wenyewe, na jambo hilo linatuuma.

Shule ya serikali kwa watoto weusi ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 26 Mei 1906 Dola la Kongo la Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, lilipatana na Vatikani: kila misheni ipewe hekta 100 hadi 200 za udongo, na kwa upande wake ifungue shule. Kwa miaka karibu hamsini, kusoma kulimaanisha kupita kwa padri ao kwa mchungaji, na wengi waliishia kwenye shule ya msingi ao kwenye kazi za mikono. Mambo yalibadilika 1954, wakati Auguste Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni huko Ubelgiji na kuanza kufungua shule za serikali zisizo za dini kwa ajili ya Wakongo. Miaka hiyohiyo ya 1950 ndiyo Katuba na Ruashi zilikuwa zinajengwa, nyumba kwa nyumba, kwa ajili ya wafanyakazi waliokuwa wanazidi kufika mjini. Na 1956 chuo kikuu cha serikali kikafungua milango hapahapa Élisabethville. Kwa hiyo mtoto wa mfanyakazi wa siti, yaani mitaa ya Waafrika, aliweza, kwa mara ya kwanza, kuona njia nzima kutoka darasa la kwanza hadi chuo bila kutoka mjini. Njia ilikuwa nyembamba sana, lakini ilikuwepo.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, kisha Katanga ikajitenga tangu 11 Julai hadi Januari 1963, Wabelgiji wengi walikuwa wamekwenda zao na madarasa yalibaki bila walimu. UNESCO ilileta Kongo walimu wa kigeni, na kati yao Wahaiti walikuwa wengi. Wazee mliosoma miaka ya 1960, kama mlifundishwa hesabu ao Kifaransa na Mhaiti, semeni jina lake ao hata namna alivyoandika ubaoni. Mara nyingi mwalimu wa namna hiyo hakuacha karatasi yoyote isipokuwa saini yake kwenye daftari la pointi.

Mwaka 1967 ukaja mtihani wa dola, ambao leo sote tunauita Exetat. Huo ndio uliofanya shule ya Ruashi na koleji ya katikati ya mji zipimwe kwa maswali yaleyale. Mpaka leo mfinalisti, yaani mwanafunzi wa darasa la mwisho, anapita kwanza kwenye sehemu ya nje ya kikao, yaani insha na Kifaransa cha mdomo, na wa shule za ufundi wanaongeza mtihani wa mikono. Baadaye zinakuja siku 4 za kikao chenyewe: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsheni. Akipata asilimia 50 anapewa diploma. Unga mweupe mnaoona watoto wakimwagiana kichwani siku ya matokeo ni sehemu ya historia hii, na picha zake zinafaa kuhifadhiwa sawa na karatasi za ofisi.

Kisha kuna jambo ambalo wazazi wengi bado linawachanganya. Mwishoni mwa 1974 serikali ya Zaire ilichukua shule zote, pamoja na za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia saini mapatano na makanisa, ikayarudishia uongozi wa shule zao. Toka hapo shule ya serikali ni ya aina mbili: ile inayoongozwa na dola lenyewe, ambayo kwenye karatasi inaitwa "non conventionnée", na ile ya mapatano, inayoongozwa na kanisa Katoliki, Protestanti, Kimbangu ao jumuiya ya Waislamu. Zote mbili ni za serikali. Walimu wa zote mbili wanapaswa kulipwa na dola, programu ni moja, na makuta, yaani feza, ya masomo yanapangwa kwa azimio la gavana wa jimbo kila mwaka. Mzazi anayeambiwa "hapa ni kwa mapadri, tuna bei yetu" aombe kuonyeshwa azimio hilo. Ni karatasi ya wazi, na mahali pake ni kwenye ubao wa matangazo.

Mwanzo wa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa hauna tena thamani, na wazazi wakaanza kuchanga ili madarasa yasifungwe. Mchango ule uliitwa prime ya kumtia mwalimu moyo. Ulipangwa uwe wa muda, ukakaa miaka karibu thelathini. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure, lakini bure hiyo ilianza kutekelezwa kweli mwezi wa tisa 2019. Sekondari haikuingia ndani yake. Sasa fanyeni hesabu: mtoto aliyeingia la kwanza Septemba 2019 na kupita kila mwaka alifika darasa la saba, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya zamani, Septemba 2025. Wimbi lile la watoto linapanda ngazi moja kila mwaka, na linaingia kwenye shule za sekondari zenye madarasa yaleyale ya zamani.

Hiyo ndiyo sababu ya zamu mbili. Siku ya asubuhi inaanza saa moja na nusu kwa mstari, bendera na wimbo wa taifa. Vipindi 6 vya dakika 50 vinafanya dakika 300, yaani saa 5 kamili. Ongeza mapumziko ya dakika 15, mnafika saa saba kasoro robo. Zamu ya mchana ikianza saa saba na kufuata mpango uleule, inamalizika saa kumi na mbili na robo jioni. Mwezi wa sita, wakati wa baridi, jua la Lubumbashi limekwisha kuzama saa hiyo. Darasa halina umeme, na msichana anayerudi upande wa komini Annexe anatembea gizani. Kwa hiyo shule inakata: kipindi kinashuka hadi dakika 45 ao 40, mapumziko yanaliwa. Ukikata dakika 10 kwa kila kipindi, zamu ya mchana inapoteza saa nzima kila siku, yaani karibu siku moja ya masomo kila juma. Programu haikukatwa, na maswali ya Exetat hayaulizi mtoto alisoma zamu gani. Mkiweza kupigania jambo moja tu mbele ya serikali, liwe hili: madarasa ya kutosha ili zamu ya pili ife.

Tuongeze na mvua. Mwaka wetu wa shule unaanza mwezi wa tisa, jakaranda zikiwa na maua, na sehemu yake kubwa inaangukia masika, toka mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu. Bati lisilo na dari likipigwa na mvua kubwa, mwalimu hasikiki hata kwenye dawati la mbele. Anayejua kazi yake anageuka ubaoni na kuandika mazoezi mpaka mvua ipite. Asiyejua anapiga kelele dakika kumi, anachoka, anaketi. Dari ya mbao nyembamba juu ya madarasa inasaidia masomo kuliko rangi mpya ya ukuta, tena inachelewesha maji kufika kwenye kabati.

Wakati wa mapumziko uwanja ni wa Kiswahili kitupu. Wamama wa mlangoni wana mikate ya mafuta, karanga, chikanda (chakula cha viazi vya porini na karanga) iliyokatwa vipande, na kinywaji cha munkoyo kwenye bidoni. Kuna serikali ya wanafunzi yenye mawaziri wake, na kila darasa lina mkubwa wake anayeandika majina ya wapiga kelele. Siku ya salongo, yaani kazi ya usafi ya pamoja, kila mtu anakuja na fagio ao panga. Mambo haya hayaandikwi na ofisi yoyote. Anayetaka yabaki awaulize wanafunzi wa leo na kuwaandika leo: bei ya mkate mmoja, michezo ya wasichana na ya wavulana, nyimbo za kutania madarasa mengine.

Ofisi inaandika buletini, na buletini inafaa kusomwa sawasawa. Mwaka una semesta 2. Kila semesta ina periodi 2 na mtihani 1, na mtihani unabeba mara mbili ya periodi. Somo lenye maksima 20 kwa periodi lina 40 kwa mtihani, 80 kwa semesta, 160 kwa mwaka. Mtoto aliyepata 14 na 15 kwenye periodi, kisha 12 kwenye mtihani, ana 41 juu ya 80. Amepita kwa asilimia 51, lakini tazameni ule mtihani: 12 juu ya 40 ni asilimia 30. Maana yake alijua somo likiwa jipya, hakulirudia. Mzazi anayeangalia jumla peke yake haoni ugonjwa huo mpaka semesta ya pili, na hapo mara nyingi ni kuchelewa. Chini kuna mistari ya bidii na mwenendo. Haihesabiwi kwenye pointi, lakini baraza la walimu huitazama linapokaa kuamua juu ya mtoto aliye karibu na mstari.

Sasa kazi tuliyojia. Kwanza pateni ruhusa ya prefe kwa maandishi, na kabati lifunguliwe mbele ya mwalimu mmoja na mjumbe mmoja wa kamati ya wazazi. Kitabu kisitoke nje ya shule hata kwa usiku mmoja. Kitabu kilichoazimwa ndicho kinachopotea, na aliyekiazima mara nyingi ni mtu mwenye nia njema.

Wafanye kazi watu watatu: mmoja anafunua kurasa, mmoja anapiga picha kwa simu, mmoja anaandika kwenye daftari ni kitabu gani na ukurasa gani. Wekeni meza karibu na dirisha, asubuhi, pasipo jua la moja kwa moja, na msitumie flashi. Simu iwe sambamba na ukurasa, la sivyo majina ya pembeni yanapinda na hayasomeki. Wino ukiwa umefifia, mulikeni taa kutoka upande, chini chini, na alama ya kalamu itaonekana kwa kivuli chake. Kila picha ipewe jina palepale: mwaka, darasa, ukurasa, mfano 1978-5B-014. Wanaosema watapanga baadaye huishia na picha mia tano ambazo hakuna anayejua ni za mwaka gani.

Ukurasa uliopasuka msiubandike kwa skochi. Gundi yake inageuka njano, inakula wino, na baada ya miaka michache haitoki. Uwekeni ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, basi. Kitabu kilicholowa kisianikwe juani, kwa sababu kurasa zitajikunja na kushikana. Kikaushwe kivulini penye upepo, na karatasi nyeupe isiyo na maandishi kila baada ya kurasa kumi, ikibadilishwa inapolowa. Gazeti lisitumike kwa kazi hiyo, wino wake unahamia. Kurasa zilizoshikana msizilazimishe zikiwa mbichi. Zile karatasi za zamani za wino wa zambarau, zilizochapwa kwa mashine ya alkoholi, zipigwe picha mbele ya zote, maana mwanga unazifuta upesi. Kwa mchwa, kabati lisimame juu ya matofali, mbali na ukuta kama sentimeta 10, miguu yake ndani ya mikebe yenye mafuta machafu ya gari, na kila mwezi mtu achungulie nyuma. Mchwa wetu wa Katanga mara nyingi hawapiti katikati ya chumba. Wanapanda kwa ukuta.

Kwenye kusoma kwenyewe kuna mitego, na ni hapa watu wanapoandika uongo bila kutaka. Wa kwanza ni majina. Mwaka 1972 serikali iliamuru watu waache majina ya Kikristo. Mwanafunzi aliyeandikwa Joseph mwaka 1971 anatokea mwaka uliofuata na jina la mababu, na asiyejua atahesabu watu wawili: mmoja aliacha masomo, mwingine aliingia katikati. Linganisheni namba ya matrikule, tarehe ya kuzaliwa na jina la baba. Hata majina ya shule nyingi yalibadilishwa miaka hiyo, na barua ya 1969 inaweza kuwa na kichwa msichokitambua kabisa.

Wa pili ni madarasa. Kabla ya sheria ya tarehe 11 Februari 2014, sekondari ilihesabiwa toka la kwanza hadi la sita. Leo miaka miwili ya kwanza ni ya saba na ya nane ya elimu ya msingi, kisha humanite, yaani sekondari ya juu, inaanza upya kuhesabu toka moja hadi nne. Kwa hiyo la tano la 2005 ni la tatu la humanite leo. Kama mnataka kulinganisha idadi ya wasichana waliofika mwisho, linganisheni la sita la zamani na la nne la sasa.

Wa tatu ni feza, na huu ndio mbaya zaidi. Mwaka 1967 zaire moja ilichukua nafasi ya franka 1,000 na kugawanywa katika makuta 100. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja ya Kongo. Mtu akisoma minervali, yaani ada ya shule, ya 1975 na ya 1992 kwenye kitabu cha feza na kuziweka kwenye mstari mmoja, ameandika upuuzi. Njia nzuri ni kuuliza wazee: minervali ile ilikuwa sawa na kilo ngapi za unga wa mahindi mwaka ule? Jibu la namna hiyo linalinganishika miaka yote.

Na kuna mahali rejista inasema jambo zito kwa kunyamaza. Miaka ya 1992 na 1993 jamaa za Wakasai zilifukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Tafuteni katika rejista zetu majina yaliyokatwa mstari miaka ile pasipo cheti cha kuhama, na wengine walioingia katikati ya mwaka wakitoka miji hiyo. Hesabuni kwa uangalifu, andikeni idadi kama ilivyo, wala msiweke maneno ya siasa juu yake. Watoto wale walikuwa wanafunzi wetu.

Mkiwahoji wazee, msiwaulize ilikuwa mwaka gani, kwa sababu watu hukosea miaka. Waulizeni ilikuwa kabla ya jina la Zaire ao nyuma, walilipa kwa makuta ao kwa franka, prefe alikuwa nani, madarasa mangapi yalikuwa yamejengwa. Mwaka utapatikana kwenye rejista. Mazungumzo yakipita saa moja, katisheni na mrudi siku nyingine.

Pointi za mtu aliye hai zisichapishwe. Palmaresi ilisomwa mbele ya watu, lakini sababu za kufukuzwa, mimba, madeni ya wazazi na ripoti za nidhamu si za kupeleka kwenye WhatsApp. Picha zote ziwekwe mahali patatu: diski moja shuleni, moja kwa kamati ya wazazi, na nakala moja tuipeleke Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambako mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wamekusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji huu tangu 2000 katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Tunahitaji watu 9 wenye simu nzuri, makundi 3, kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Walio tayari waandike jina na namba kwa mwalimu wa historia kabla hawajatoka, na wenye picha za zamani za darasa nyumbani waje nazo Jumamosi ya kwanza. Tutazipiga palepale, na watarudi nazo.